Safu Kumi na Tano na Nusu

Aprili 9
Maji 356. Mvua tangu alfajiri.
Mtafiti amenipa madaftari mawili. La kijani ni la kuandikia kipimo cha mto. Hili jekundu kasema ni langu, niandike nitakalo. Nikamwambia sina la kuandika. Akasema, "Basi andika hivyo, mama." Basi nimeandika hivyo.

Aprili 10
361. Mvua.

Aprili 14
343. Mvua imepumzika.
Kwa kuwa hili daftari halijui chochote, nianze mwanzo. Nyumba yetu iko juu ya ukingo, karibu na daraja la zamani la mawe. Chini kuna ngazi, na mwisho wa ngazi kuna ubao mweupe wenye namba, umesimama ndani ya maji. Kila siku saa moja asubuhi mtu hushuka, husoma maji yamefika namba ngapi, huandika, kisha hupiga simu Ofisi ya Bonde. Mtu huyo alikuwa mume wangu kwa miaka ishirini na miwili. Tangu Novemba mwaka jana ni mimi, na ofisi imesema ni kwa muda.
Namba ile si ya kupamba vitabu. Ikishuka chini ya sabini, ofisi hufunga lango la mfereji wa mashamba makubwa kule juu, ili mto ubaki na maji yake. Marehemu alikuwa akisema, "Mimi ndiye mpimaji wa homa ya mto."
Mtafiti atakaa hapa kutoka mvua hadi kiangazi, achunguze afya ya mto mzima. Ni binti wa umri wa kuolewa, anavaa mabuti ya mpira yanayomfika magotini, na analala katika chumba cha stoo cha ofisi pale darajani. Nimempelekea blanketi. Alikuwa akijifunika koti.

Aprili 22
318.
Leo nilimsindikiza Mtafiti hadi kiwanja cha rangi, mwendo wa robo saa kufuata mto. Wanawake kumi na mmoja wanatia nguo rangi pale, na mkubwa wao ni wifi yangu, dada wa marehemu. Mikono yake ni ya bluu hadi kwenye viwiko, na haitoki hata kwa sabuni ya unga. Ndiye aliyemlea marehemu baada ya mama yao kufariki.
Mtafiti aliingia majini akaanza kupindua mawe na kuhesabu wadudu walioganda chini yake.
"Wewe Mabuti," wifi akaita, "hayo mawe yamekukosea nini?"
"Natafuta wenyeji, shangazi."
"Wenyeji sisi hapa! Hao wa chini ya mawe ni wapangaji tu."
Wote wakacheka, naye Mabuti akacheka. Jina limeshika papo hapo. Kumbe kuna wadudu wanaoishi penye maji safi peke yake, na wakikosekana mto unaumwa. Chini ya kiwanja aliwakuta wachache. Mbele zaidi, wengi. Aliandika yote mawili.

Mei 3
290. Nimefua shuka.

Mei 11
272.
Siku mbaya. Mtafiti alikuja jikoni saa nne na kitabu cha marehemu cha mwaka jana. Nikamwekea chai. Hakuinywa.
"Mama, naomba uniangalizie kitu. Tazama namba za mwanzo wa Juni. 141, 138, 137, 133. Sasa tazama kuanzia tarehe nne Julai. 130, 130, 120, 120, 110. Hadi Novemba mosi, siku mia moja ishirini na moja, kila namba inaishia na sifuri."
Nikasema, "Naona."
"Mto hauwezi kushuka kumi kumi kama mtu anayeteremka ngazi."
Nikasogeza kikombe chake. Akadhani sijaelewa, akanieleza kwa upole jambo ninalolijua kuliko yeye.
Kisha akasema la pili. Oktoba iliyopita samaki walikufa kwa wingi kwenye kina cha pale konani, chini ya kiwanja cha rangi. Kitabu kinasema wiki ile maji yalikuwa tisini. Tisini ni maji ya kutosha samaki. Kwa hiyo ofisi imeona hawakufa kwa uhaba wa maji, bali kuna kitu kiliingia majini, na watu wanaomwaga kitu majini pale ni watia rangi. Tarehe 28 Juni kuna mkutano. Mkuu wa ofisi anataka kiwanja kiondolewe mtoni.
"Na kama kitabu kina makosa?" nikamuuliza.
"Mkuu kasema akikuta hata mwezi mmoja wa kubuni, anavifuta vitabu vyote vya marehemu. Miaka yote ishirini na miwili." Akainuka. "Mimi sitaki vifutwe, mama. Ni vitabu vizuri. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza."
Chai yake nimeimwaga ikiwa imeota ngozi.

Mei 12
270.
Niandike ukweli hapa, kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia.
Julai mwaka jana marehemu hakuweza tena kushuka ngazi. Mimi ningeweza, lakini kushuka na kupanda ni dakika ishirini, na siku zile hakupaswa kuachwa dakika ishirini. Alikuwa akikabwa na kikohozi, na asipoinuliwa haraka midomo yake inabadilika rangi. Hakutaka pia ofisi ijue. Alisema wakijua watampa mtu mwingine kazi, na yeye bila mto atakuwa mgonjwa tu.
Basi akapata njia. Dirisha la jikoni linatazama nguzo ya daraja, na nguzo imejengwa kwa safu za mawe yaliyochongwa sawasawa. Siku moja ya mafuriko, miaka mingi nyuma, maji yalipoifunika safu ya juu kabisa ubao ulisoma mia nne. Alilikumbuka hilo. Zamani pia alilipima jiwe moja la nguzo kwa utepe, akalikuta ni sentimita ishirini. Kwa hiyo nihesabu safu zilizo kavu, kila safu itolewe ishirini katika mia nne, nusu safu kumi, kilichobaki ndicho kipimo.
Kila asubuhi nilisimama dirishani nikahesabu kwa kidole. Nikimwita, "Kumi na nne!" naye chumbani anakokotoa huku midomo ikicheza, anaandika kwa mkono wake. Kisha mimi napiga simu. "Wewe ni macho," alikuwa akisema, "mimi ni karani."
Hatukubuni hata siku moja. Tulipima. Lakini kanuni inasema ushuke usome ubao, na hatukushuka.

Mei 13
268.
Leo nimesoma ubao, nikapanda, nikaenda dirishani nikahesabu safu kama zamani. Safu sita kavu. Mara ishirini ni mia na ishirini. Mia nne kutoa hiyo ni 280.
Ubao 268, dirisha 280. Nimehesabu vibaya. Macho yangu si yale.

Mei 14
268 tena. Dirishani 280 tena. Nimevaa miwani. Tofauti kumi na mbili.

Mei 24
224. Dirishani safu nane, 240. Tofauti imekuwa kumi na sita.
Kadiri maji yanavyoshuka ndivyo inavyokua. Naiogopa kama mtu anavyoogopa uvimbe.

Mei 25
Mtafiti ana mafua. Nimempelekea uji.

Juni 2
202. Dirishani 220. Kumi na nane.

Juni 9
180. Dirishani 200. Ishirini.
Nimeshindwa kuvumilia, nimechukua utepe wa kushonea nikaenda darajani mwenyewe. Nimepima jiwe la nguzo. Ishirini kamili. Nimepima la pili na la tatu. Ishirini. Marehemu hakukosea! Nilisimama pale nikajisikia mwepesi.
Nilipoegemea nguzo ndipo kidole changu kikaingia katikati ya jiwe na jiwe. Kuna saruji. Unene wa kidole, sentimita mbili, kila safu, kutoka juu hadi majini.
Alipima jiwe, akasahau saruji.
Nilirudi nyumbani nikafanya hesabu juu ya meza ya jikoni, mara tatu, kwa penseli. Wiki ile ya Oktoba nilihesabu safu kumi na tano na nusu. Tuliandika tisini. Kila safu itolewe ishirini na mbili, inabaki hamsini na tisa.
Hamsini na tisa, na lango la juu lilikuwa wazi kwa sababu mimi nilipiga simu nikasema tisini.
Baada ya msiba, tarehe 12 Novemba, ndipo niliposhuka ngazi mara ya kwanza nikasoma 61. Nilidhani mto umeshuka tulipokuwa matangani. Kumbe ulikuwa umeshuka siku zote, na sisi ndani ya nyumba hatukujua.

Juni 10
178.

Juni 11
177. Nimepanga nguo zake upya. Hazikuhitaji kupangwa.

Juni 17
169.
Nilikwenda kiwanjani nimwambie wifi. Nilikuta wanakamua vitambaa vya njano, wawili wawili, huyu anazungusha kulia na yule kushoto.
"Wifi, njoo ushike huku, mikono yako imekuwa laini kama ya karani wa benki."
Nikashika. Nikamuuliza watakwenda wapi wakifukuzwa.
"Wapi? Rangi inataka maji yanayokimbia. Kwenye bomba labda nipake kucha." Akacheka peke yake. Kisha akasema, "Kuna jambo moja tu linanifariji. Vitabu vya kaka yangu. Mkuu mwenyewe kasema hakuna mto wenye vitabu kama vile. Ukoo wetu haujawahi kuandika hata barua, halafu yule akaandika mto."
Nimekamua vitambaa vitano nikarudi na neno langu mdomoni.
Nikinyamaza, wanawake kumi na mmoja wanaondolewa mtoni kwa kosa letu. Nikisema, miaka ishirini na miwili ya asubuhi zake inafutwa, na aliyebaki wa kuona aibu ni mimi na wifi. Nimeigeuza hivi na vile. Lakini kila asubuhi nasimama mbele ya ubao ule, nao hauulizi ninampenda nani.

Juni 27
159. Nimepiga pasi gauni la kwenda mjini.

Juni 28
158. Dirishani safu kumi na moja, 180. Ishirini na mbili.
Chumba cha mkutano kina meza ndefu na feni inayolia. Ukutani kuna ramani ya bonde zima, mto mkubwa na vijito vyake kama mishipa ya mkono wa mzee. Nyumba yetu ni pale ilipo pini nyekundu. Wifi alikuja na wenzake wawili, wamevaa nguo safi, mikono ya bluu wameificha mapajani.
Mkuu wa ofisi ni mtu wa miwani na sauti ya chini. Alisoma: maji tisini, samaki wamekufa, kwa hiyo kiwanja kihamishwe. Akauliza kama kuna mwenye neno.
Nilisimama. Nilisikia kiti changu kikikwaruza sakafu.
"Hayakuwa tisini," nikasema. "Yalikuwa hamsini na tisa."
"Mama, kitabu ni cha mume wako. Unataka kusema marehemu alikuwa anabuni?"
"Hapana. Alikuwa anakokotoa. Mimi nilikuwa namhesabia."
"Kutoka wapi?"
"Dirishani. Jikoni."
Mtu mmoja akacheka. Mkuu hakucheka. Nikaeleza yote, kikohozi, nguzo, jiwe, saruji. Sauti yangu ilikatika kwenye saruji, sijui kwa nini pale. Sikumtazama wifi.
Mkuu akavua miwani. "Unajua umekiri nini? Miezi minne hakuna aliyeshuka mtoni. Nitaaminije ile mingine?"
Hapo Mtafiti akainuka. "Mama, hiyo tofauti umeiandika mahali?"
Nilikuwa na daftari hili mkobani. Nikafunika kwa kiganja maneno yangu, nikasoma namba peke yake, za kila siku niliyolinganisha ubao na dirisha. Yeye akaziandika ubaoni kwa chaki. Safu sita, kumi na mbili. Safu nane, kumi na sita. Safu tisa, kumi na nane. Alipofika ya leo aligeuka.
"Kila safu wamekosea sentimita mbili, wala si moja, wala si tatu. Mtu anayebuni hakosei kwa adabu namna hii. Makosa haya yanaweza kusahihishwa."
Mkuu akazifuata namba kwa kidole. "Hizi ni safu za juu," akasema. "Za chini zimo majini bado. Huenda ni mawe mengine, saruji nyingine. Tutasubiri maji yashuke hadi safu ya kumi na tano. Kanuni ya mbili ikishika mpaka pale, nitasahihisha siku hizo mia moja ishirini na moja na mengine yote yatabaki, na kiwanja kitabaki. Isiposhika, navifuta vitabu vyote, na kiwanja kinaondoka."
Nje, wifi alinipita. Nikamwita. Akasimama bila kugeuka.
"Umemvua nguo kaka yangu mbele ya watu," akasema. "Ungeniacha mimi nifukuzwe. Mimi niko hai, ningetafuta pengine."

Julai 1
155. Mtafiti naye anasoma sasa, kila asubuhi. Yeye ubaoni, mimi dirishani, tunaandika kila mtu peke yake halafu tunalinganisha.

Julai 10
136. Safu kumi na mbili, 160. Ishirini na nne. Imeshika.
Nilimwona wifi dukani. Alinunua chumvi akaondoka.

Julai 16
124.
Nilimwambia Mtafiti kwamba mwanzoni nilimwogopa. Nilidhani amekuja kupekua. Akasema naye aliniogopa, kwa sababu chai yangu ni kali mno na hakujua ataikataaje. Miezi mitatu anaimwaga chini ya mpapai! Tangu leo namwita mwanangu.

Julai 25
103. Kumi na tatu na nusu, 130. Ishirini na saba.
Watia rangi wamechimba shimo kando ya kiwanja ili maji ya rangi yatulie kabla ya kurudi mtoni. Mtafiti aliwaonyesha upana. Hakuna aliyewalazimisha. Nasikia wifi ndiye aliyeshika jembe la kwanza.

Agosti 5
92. Safu kumi na nne, 120. Ishirini na nane.
Safu moja imebaki.

Agosti 6
91. Upepo wa vumbi.

Agosti 7
90. Nimesimama mbele ya namba hii muda mrefu kuliko kawaida. Tisini ya kweli ndiyo hii. Mawe ya ukingoni bado yamelowa.

Agosti 14
81. Kumi na nne na nusu, 110. Ishirini na tisa. Mtafiti kanishika mkono.

Agosti 19
71.
Wifi amekuja. Sijui nilitegemea nini. Aliingia jikoni bila hodi kama zamani, akasimama dirishani, akatazama nguzo.
"Ulikuwa unasimama hapa?"
"Hapo hapo."
"Unahesabu kwa sauti?"
"Kwa kidole. Nikimaliza namwita."
Akanyoosha kidole chake cha bluu akaanza kuhesabu safu, kwa kunong'ona. Katikati akapotea, akaanza tena. Kisha akauliza, mgongo ukiwa bado kwangu, "Siku ile ya kumi na tano na nusu. Ulipomwambia, alisemaje?"
Sijawahi kumwambia mtu. Nilimwambia yeye. Alisema, "Lo, mto umekonda kuliko mimi." Akataka nimwinue auone. Nikamwegemeza kifuani kwangu, lakini dirisha la chumbani halioni mto, akaona ukuta wa jirani tu. Akautazama hivyo hivyo, akasema, "Ni kweli, umekonda."
Wifi akacheka, kicheko kikageuka njiani kikawa kilio. Nilimshika. Ana mabega mapana kama ya marehemu. Aliniachia alama ya bluu kwenye mkono wa gauni.
Akasema, "Nilikasirika kwa sababu ulikuwa naye. Mimi nilikuwa kule nakamua vitambaa."

Agosti 20
Ubao 70. Dirishani safu kumi na tano kamili, 100. Tofauti thelathini.
Mtafiti alisoma ubao mara tatu. Alipanda ngazi mbio na mabuti yake, akateleza, akafika na goti linalotoka damu na uso wa furaha. Alimpigia Mkuu palepale. Nilisikia sauti ya chini ikisema, "Zisahihishwe."
Jioni alinionyesha jedwali jipya. Siku zile zote zina namba zake za kweli. Pembeni kuna mahali pa jina la msomaji, ambapo kwa miaka yote lilikuwa jina lake peke yake. Kwa siku mia moja ishirini na moja Mtafiti ameandika: mume na mke.

Agosti 21
69.
Wifi alitaka kushuka nami. Alivua viatu akaingia hadi kwenye vifundo, akainama, akasoma namba kwa sauti kabla yangu. Nilipiga simu tukiwa tumesimama majini.
"Sitini na tisa," nikasema.
"Una uhakika, mama?" akauliza karani. "Nikiandika hii, lango linafungwa. Watu wa mashamba watapiga kelele."
"Andika."
Wifi akanyakua simu. "Tuko wawili, na maji yako miguuni. Funga!"
Saa kumi alasiri tulishuka tena. 72. Wifi hakuamini, akainama akagusa ubao kwa kidole pale maji yalipofika.

Agosti 22
76. Samaki wadogo pembeni ya ngazi. Wifi kasema ni saba, mimi nasema tisa. Tumebishana hadi chai ikapoa.